Fram, meli iliyojengwa ili irudi

Mwaka 1884, karibu na Julianehåb, kusini-magharibi mwa Greenland, watu waliokota takataka za meli juu ya kipande cha barafu kilichosukumwa na bahari hadi pwani. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vyakula yenye sahihi ya De Long, kapteni wa meli ya Kimarekani Jeannette, pamoja na suruali ya mvua iliyoandikwa jina la mwenyewe: Louis Noros. Jeannette ilikuwa imepondwa na barafu na kuzama Juni 1881, kaskazini mwa Siberia, ng'ambo kabisa ya bahari ile ya Aktiki. Ilikuwa na watu 33, na 20 kati yao walikufa. Noros alinusurika. Alitembea na mwenzake kutafuta msaada katika nyika za Siberia hadi akapatikana. Suruali yake ikaendelea na safari peke yake miaka mitatu, ikapita juu ya dunia na kutokea upande wa pili.

Habari hiyo ilimfikia mwanasayansi kijana wa Norwe, Fridtjof Nansen, kupitia makala ya gazeti iliyoandikwa na Profesa Henrik Mohn. Mohn alisema lazima kuna mkondo unaoichukua barafu kutoka Siberia, kuipitisha karibu na Ncha ya Kaskazini na kuitoa Greenland. Nansen akafikiri hatua moja mbele: kama mkondo umeweza kubeba suruali, utaweza kubeba meli. Tatizo la Jeannette halikuwa kunaswa na barafu. Tatizo lake lilikuwa kunaswa ikiwa na umbo lisilofaa.

Naisimulia habari hii ya suruali kwa sababu humo ndimo ilimozaliwa meli ya Fram, na kwa sababu naamini Fram imesahauliwa isivyo haki. Machi 2022, mabaki ya Endurance, meli ya mpelelezi Ernest Shackleton iliyopondwa na barafu ya Antaktika, yalipogunduliwa kwenye kina cha mita 3,008 katika Bahari ya Weddell, picha za usukani wake zilienea kwenye simu za watu kila pembe ya dunia. Mimi pia nilizikodolea macho. Ni picha za kutia uchungu, na ujasiri wa mabaharia wale haukanushiki. Lakini nikajiuliza kwa nini meli iliyozama inajulikana hata na mtoto wa shule, ilhali ile iliyoingia katika barafu kwa hiari, ikakaa humo karibu miaka mitatu, ikatoka nzima na watu wake wote wazima, kisha ikarudi tena kwenye barafu mara mbili, haijulikani ila kwa wachache. Tunapenda mno hadithi ya watu waliookoka katika maafa, na hatuna subira ya kusikiliza hadithi ya watu waliofanya maafa yasitokee. Hii ya pili ndiyo inayotufaa zaidi, na inaanzia kwenye karakana.

Fundi aliyeiunda Fram aliitwa Colin Archer. Alizaliwa Larvik mwaka 1832, mtoto wa wahamiaji kutoka Scotland, na alikwisha kujipatia sifa kwa kuchora boti za marubani wa bandari. Nansen alipomfuata na wazo lake, hakumwomba meli ya kasi wala meli ya kupendeza. Alitaka meli ambayo barafu ikiibana kutoka pande zote, itelezee juu badala ya kuvunjika. Meli za kawaida zina ubavu uliosimama wima, na barafu ikikaza hupata mahali pa kushika. Archer akaiundia Fram ubavu wa mviringo, tumbo pana, na mkuku usiochomoza chini. Ukiitazama kwa mbele, umbo lake ni la kifuu cha nazi. Urefu wake ulikuwa kama mita 39 na upana mita 11, yaani fupi na nene kuliko meli yoyote ambayo nahodha wa wakati ule angejivunia.

Mtu aliyewahi kukaa na mafundi wa majahazi ataelewa kilichofuata hata bila kuona mchoro. Mataruma yalikuwa ya mwaloni wa Italia ambao jeshi la majini la Norwe lilikuwa limeuhifadhi Horten kwa miaka 30, mbao zilizokauka hadi hazina tena pa kupinda. Nafasi kati ya taruma na taruma ikashindiliwa mchanganyiko wa lami na unga wa mbao, ili hata tabaka la nje likitoboka maji yasipate njia. Juu yake zikaja tabaka mbili za mwaloni, na nje kabisa tabaka la mti mgumu uitwao grinhati kutoka Amerika ya Kusini, laini kwa mguso lakini mgumu kama jiwe, ili barafu iteleze juu yake. Ukijumlisha, ukuta wa meli ulifika unene wa sentimita 60 hadi 70. Ndani kulikuwa na mihimili ya kushikilia ubavu mmoja dhidi ya mwingine, mingi kiasi kwamba tumbo la meli lilionekana kama mtandao wa buibui. Usukani na rafadha, viungo ambavyo barafu huvivunja kwanza, viliwekewa kisima ndani ya shetri ili viweze kuvutwa juu hatari ikikaribia.

Halafu kuna mambo madogo ambayo kwangu ndiyo yanayoonyesha akili ya watu hawa. Kuta za vyumba vya kulala zilijazwa kizibo, manyoya ya kulungu wa kaskazini na kitambaa kizito cha lami, tabaka juu ya tabaka, maana katika meli za zamani pumzi za watu ziligeuka maji ukutani, maji yakaganda juu ya magodoro, na mabaharia wakalala katika unyevu hadi wakaugua. Sitahani ukasimikwa mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme wa taa, kwa sababu usiku wa kule huchukua miezi. Haya yalifikiriwa mwaka 1892, wakati ambapo miji mingi mikubwa ya Ulaya bado ilikuwa ikiwashia barabara zake taa za gesi.

Tarehe 26 Oktoba 1892 meli ilishuliwa Larvik. Eva, mkewe Nansen, ndiye aliyeitamkia jina: Fram, maana yake Mbele.

Wakubwa wa fani hawakuamini. Bunge la Norwe lilitoa kroner 280,000 kwa jumla, lakini Nansen alipoueleza mpango wake London mbele ya chama cha wanajiografia, maamiri waliozeeka katika barafu walitikisa vichwa. Marekani, Adolphus Greely aliuita mpango ule wa kujiua. Greely hakuwa mtu wa kupuuzwa. Aliongoza msafara wa watu 25 kwenye barafu kuanzia mwaka 1881, na waliobaki hai walikuwa 6 tu. Uzoefu wake ulimfundisha kwamba barafu ni adui wa kukimbiwa. Nansen na Archer walisoma maafa yaleyale wakatoka na somo jingine: barafu haikimbiwi wala haipiganwi, inapandwa. Hapo ndipo ninapouona ukubwa wao. Kupanga safari kwa kuanza kukiri kwamba hutashinda, kisha ukatengeneza chombo kinachofaidika na kushindwa huko, ni jambo linalohitaji unyenyekevu ambao watawala wa bahari wa karne ile hawakuwa nao.

Fram iliondoka Christiania, mji uitwao Oslo leo, tarehe 24 Juni 1893, katika msafara wa watu 13 kwa jumla. Njiani, kwenye pwani ya Siberia, ilikutwa na kitu cha ajabu. Injini inafanya kazi, hakuna barafu mbele, na meli inasota kana kwamba imeshikwa kwa chini. Mabaharia wa Norwe walikuwa na jina la hali hiyo, maji yaliyokufa. Si maji mafu tunayoyajua sisi wa pwani, yale ya bahari kujaa na kupwa kidogo. Haya ni maji ya mto yasiyo na chumvi yaliyotandazwa juu ya maji ya chumvi, na nguvu yote ya meli inaishia kutengeneza mawimbi yasiyoonekana pale maji mawili yanapokutana. Nansen aliandika alichokiona, na miaka michache baadaye mwanasayansi wa Uswidi, Vagn Walfrid Ekman, akalitegua fumbo hilo kwa hesabu na majaribio.

Ekman huyohuyo alitegua fumbo la pili kutokana na daftari za Fram. Nansen alikuwa ameona kwamba barafu haifuati upepo moja kwa moja. Inakwenda upande wa kulia wa upepo kwa nyuzi kati ya 20 na 40. Sababu ni mzunguko wa dunia, na maelezo aliyotoa Ekman juu ya jinsi upepo unavyosukuma maji, tabaka baada ya tabaka kwenda chini, yanafundishwa hadi leo kwa kila anayesoma sayansi ya bahari. Mtaalamu anayeeleza kwa nini maji baridi yenye chakula kingi cha samaki hupanda juu katika pwani ya Somalia wakati wa kusi anatumia hesabu zilizoanzia kwenye sitaha ya meli iliyonaswa karibu na Ncha ya Kaskazini.

Mwishoni mwa Septemba 1893 barafu ilifunga. Rafadha na usukani vikapandishwa, injini ikafunguliwa vipande na kupakwa mafuta, na meli ikageuka nyumba. Nansen aliamini, kama wengi wakati ule, kwamba bahari ya Aktiki si ya kina kirefu. Kamba ya kupimia waliyoichukua haikugusa chini. Basi wakachukua kamba nene ya chuma ya meli, wakaifumua uzi kwa uzi juu ya barafu, katika baridi kali, wakasokota kamba nyembamba yenye urefu wa zaidi ya mita 4,000. Waliposhusha, wakakuta bahari yenye kina cha zaidi ya mita 3,000, na chini ya maji baridi ya juu wakakuta tabaka la maji yenye joto zaidi yaliyotoka Atlantiki. Ramani ya kaskazini ya dunia ilibadilika kwa sababu ya kamba iliyosokotwa na watu waliovaa glavu mbili.

Januari 1895 ndipo meli ilipopata mtihani wake mkubwa. Kilima cha barafu kilijipanga ubavuni na kuanza kuisogelea, kikiinuka juu ya sitaha, kikipiga kelele kama radi. Vyakula na sleji vikashushwa, mbwa wakafunguliwa, watu wakalala na nguo zao tayari kuihama. Barafu ikasukuma, mbao zikalia, na Fram ikainuka, taratibu, ikakaa juu ya kitu kilichokuja kuiponda. Archer alikuwa Larvik, maelfu ya kilomita mbali, lakini usiku ule aliyewaokoa watu 13 alikuwa yeye.

Mkondo ulikuwepo, ila ulipita kusini ya Ncha. Nansen alipoona hawatafika, aliamua kwenda kwa miguu. Tarehe 14 Machi 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliiacha meli wakiwa na mbwa, sleji na kayaki. Tarehe 8 Aprili walifika nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, mbali kuliko binadamu yeyote kabla yao, wakageuka. Walikaa msimu mzima wa baridi Franz Josef Land, visiwa vya Aktiki, ndani ya kibanda cha mawe na ngozi za walarasi, wanyama wakubwa wa baharini, wakila dubu, hadi Juni 1896 walipokutana kwa bahati na Mwingereza Frederick Jackson. Ni kisa kikubwa, nacho ndicho kilichomfanya Nansen shujaa wa dunia.

Sasa turudi kwa watu 11 waliobaki. Otto Sverdrup alibaki kuwa mkuu wa meli. Yeye ndiye aliyekuwa na Nansen walipovuka Greenland kwa skii mwaka 1888, na angeweza kudai nafasi ya kwenda. Alibaki kwa sababu mtu aliyeweza kuirudisha Fram alikuwa yeye. Chini yake meli ilisukumwa na barafu hadi karibu nyuzi 86 kaskazini, kilomita kama 35 tu pungufu ya pale Nansen alipofika kwa kuhatarisha roho. Vipimo viliendelea kuchukuliwa, mchana na usiku. Hakuna aliyepatwa na kiseyeye, ugonjwa uliowamaliza mabaharia wa vizazi vilivyotangulia, maana chakula kilikuwa cha aina nyingi na kilihifadhiwa kwa uangalifu. Tarehe 13 Agosti 1896, baada ya kupasua njia kwa baruti na injini, Fram ikatokea kwenye maji wazi kaskazini mwa Spitsbergen, karibu palepale hesabu ya Nansen iliposema itatokea. Wiki moja baadaye wote 13 walikutana Tromsø.

Kama ningekuwa mwandishi wa gazeti la Christiania mwaka ule, ningeweka jina la Sverdrup kwenye ukurasa wa kwanza sambamba na la Nansen. Watu wawili walioiacha meli walivunja rekodi. Kumi na mmoja walioikalia walithibitisha nadharia, na kuthibitisha nadharia ndiyo iliyokuwa kazi iliyowapeleka kule. Ila kukaa na kupima kila siku si jambo linalochorwa picha.

Safari ya pili inatoa ushahidi zaidi. Kuanzia 1898 hadi 1902 Sverdrup mwenyewe aliiongoza Fram kwenda visiwa vya kaskazini mwa Kanada. Walikaa huko majira manne ya baridi. Haikuwa safari isiyo na msiba. Mwaka 1899 daktari wao alijiua, na mpiga makaa mmoja akafa. Waliobaki waligawana vikosi vya watu wawili au watatu na mbwa, wakatembea misimu mfululizo wakichora ramani. Mtaalamu wa ramani alikuwa Gunnar Isachsen, na Per Schei alipasua miamba na kukusanya masalia ya kale. Walikiweka kwenye ramani kisiwa cha Axel Heiberg, ambacho ukubwa wake ni zaidi ya mara 25 ya Unguja, pamoja na visiwa vya Amund Ringnes na Ellef Ringnes. Majina hayo ni ya wafadhili wao, wawili wa mwisho wakiwa ndugu wenye kiwanda cha bia.

Kwangu, kwa kazi iliyofanyika, hii ndiyo safari kubwa zaidi kati ya tatu za Fram, na ndiyo inayotajwa kwa sentensi moja vitabuni. Haikuwa na Ncha. Sverdrup hakutafuta kuwa wa kwanza mahali popote. Alitafuta kujua kilichopo.

Lakini siwezi kuisifu safari hii na kunyamazia kilichofuata. Sisi tunajua vizuri ramani inayochorwa na mgeni hufanya nini baada ya mgeni kuondoka. Sverdrup alidai visiwa vile kwa jina la mfalme wake, serikali ya Norwe haikujali sana, na mwaka 1930 ikatambua kwamba ni vya Kanada. Kanada ikamlipa Sverdrup dola 67,000 kwa ramani na daftari zake. Alikufa Novemba mwaka huohuo. Katika mazungumzo yote hayo, watu ambao mababu zao walipita na kuishi katika visiwa vile karne nyingi kabla hawakuulizwa. Kisha, mwaka 1953 na 1955, serikali ya Kanada ilihamisha familia za Wainuiti kutoka Inukjuak, karibu kilomita 2,000 kusini, ikazipeleka Resolute na Grise Fiord. Waliahidiwa kurudishwa wakipenda, na ahadi haikutimizwa. Wengi wao walisema baadaye kwamba walitumiwa kuwa nguzo za bendera, ili nchi ionyeshe kwamba ina watu kule. Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2010. Jina Grise Fiord lilitoka kwa watu wa Fram, waliosikia walarasi wakikoroma kama nguruwe. Wainuiti wanaoishi pale wanapaita Aujuittuq, mahali pasipoyeyuka. Ramani ya Sverdrup ni kazi safi na ya kweli, na bado naona ni lazima majina yote mawili yatajwe pamoja.

Safari ya tatu ndiyo inayojulikana, nami nitaipitia haraka. Roald Amundsen aliazimwa Fram ili aende tena kwenye mkondo wa kaskazini. Septemba 1909 dunia ikaambiwa kwamba Ncha ya Kaskazini imekwisha kufikiwa, na Amundsen akabadili nia kimyakimya. Nansen, ambaye alikuwa na ndoto yake mwenyewe ya kwenda Ncha ya Kusini kwa meli ileile na akaiacha ili kumpisha, hakuambiwa. Hata mabaharia wengi hawakuambiwa hadi Funchal, Madeira, Septemba 1910, Amundsen alipowakusanya sitahani, akawafunulia ramani ya kusini na kumwuliza kila mmoja kama yuko naye. Wote wakakubali. Tarehe 14 Desemba 1911 watu watano walisimama kwenye Ncha ya Kusini, mwezi mmoja na zaidi kabla ya Mwingereza Robert Scott.

Siri ile naiona kuwa doa. Ufundi wa Amundsen katika barafu ni wa kiwango cha juu kabisa, na bado alimdanganya mtu aliyempa chombo. Ninachotaka kisisahaulike ni kwamba watu wale walipokuwa wakisubiri jua huko Framheim, kambi yao ya Antaktika, Fram haikuwa imetia nanga ikipumzika. Kapteni Thorvald Nilsen aliiondoa Ghuba ya Nyangumi Februari 1911, akaipeleka Buenos Aires karibu bila pesa, ambako Don Pedro Christophersen, Mnorwe aliyetajirika Ajentina, alilipia chakula na mafuta. Kisha akaizungusha Atlantiki ya Kusini, kati ya Amerika na Afrika, wakipima joto na chumvi ya maji, halafu akarudi kuwachukua wenzake kwa wakati. Meli sasa ilikuwa na injini ya dizeli badala ya mvuke, mtambo mpya kabisa kwa meli za barafu. Na kifuu kile cha nazi, kilichokuwa salama katika barafu, kilipepesuka vibaya katika bahari wazi. Umbo lililowaokoa kaskazini liliwatapisha njia nzima, kutoka Norwe hadi Antaktika, wao na mbwa wao karibu 100.

Kilichoishinda Fram baadaye kilikuwa maji ya joto. Mwaka 1913 ilipelekwa Colón, Panama, kwa matumaini ya kupita mfereji mpya ikiwa miongoni mwa meli za kwanza. Mfereji haukuwa tayari. Meli ikakaa wiki kadhaa katika joto la tropiki, wadudu wakatafuna mbao, uozo ukaingia. Fundi yeyote wa Pate au Nungwi angewaambia kwamba chombo kisichopandishwa pwani, kikapakwa deheni upya, hakidumu katika maji kama yale. Iligeuzwa, ikarudi Norwe Julai 1914, ikaegeshwa Horten. Mwezi uliofuata Ulaya ilikuwa vitani.

Horten ni palepale ambapo mwaloni wake ulikuwa umekaushwa kwa miaka 30. Mbao zikarudi zilikotoka na kuachwa zioze. Vyombo vikaondolewa, mvua ikaingia, na kwa miaka karibu 15 meli iliyofika mbali kaskazini na mbali kusini kuliko chombo chochote cha mbao ilikaa kama gofu. Nchi nzima ilikuwa inajivunia Nansen na Amundsen, na chombo kilichowabeba kinameng'enyuka bandarini. Aliyesimama kidete ni Sverdrup tena, sasa mzee, pamoja na Lars Christensen, tajiri wa meli za nyangumi. Fram ikakarabatiwa Sandefjord mwaka 1929 na 1930, mji uleule ilikojengwa Endurance. Mwaka 1935 ikavutwa nchi kavu Bygdøy, Oslo, na jumba likajengwa juu yake. Lilifunguliwa 20 Mei 1936. Mgeni anapanda sitahani, anashuka kwenye vyumba, anapitisha kiganja kwenye mihimili ya Archer.

Na kazi yake haijaisha. Meli ndogo ya Tara iliporudia safari ya kuachwa isukumwe na barafu, kuanzia 2006 hadi mwanzoni mwa 2008, ilivuka kwa takriban nusu ya muda uliotumiwa na Fram, maana barafu ya leo ni nyembamba na inakwenda mbio. Mwaka 2019 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilifunga injini zake ndani ya barafu ikiwa na wanasayansi wa nchi 20, ikifuata wazo lilelile la Nansen. Kipande cha barafu walichokaa juu yake kilivunjikavunjika Julai 2020 katika Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard. Kwa sababu watu 11 waliokaa melini waliandika ilivyokuwa, leo tunaweza kusema barafu imebadilika. Daftari zao ndizo kipimo cha mwanzo.

Miongoni mwa watano waliofika Ncha ya Kusini alikuwamo Oscar Wisting, aliyekuja pia kuruka juu ya Ncha ya Kaskazini kwa ndege-puto pamoja na Amundsen mwaka 1926. Alikuwa mmoja wa waliohangaika Fram isiachwe kuoza. Desemba 1936, jumba likiwa halijatimiza miezi saba tangu lifunguliwe na miaka 25 ya Ncha ya Kusini ikikaribia, aliomba ruhusa alale usiku melini, katika chumba chake cha zamani. Akaruhusiwa. Tarehe 5 Desemba walimkuta kitandani mwake, amekufa.